Mashini ya Papa Isiyosema

Goma, Keshero, tarehe 8 mwezi wa pili 2026

Kwa yaya wangu Nsimire, dada yangu mukubwa,

Jambo yaya, tena jambo ya siku nyingi. Natumaini hii barua itakukuta muzima, wewe na Josias na wote walio chini ya paa lako kule Bukavu. Mimi mudogo wako, mwili hauna neno, roho ndiyo inaniuma. Huku Keshero mvula inanyesha kila siku, mawe ya volkano yanaendelea kula viatu vyetu, na jirani yetu Joyeuse bado anagombana na kuku wake kama watu na wifi zao. Ameniambia nikusalimie sana. Anasema hajasahau ulivyomufundisha kusuka.

Utashangaa kuona karatasi katika hizi siku za telefone. Nilikupigia mara nne, hukuchukua, na sikulaumu. Halafu nikafikiri, telefone mutu anaweza kuikata katikati, lakini barua hata ukiitupa chini utaiokota tena. Perpétue, yule mama anayepanda boti na vifurushi vya vitenge, ndiye atakuletea. Nimemuomba akupe mukononi mwako wewe, asimuachie mutu mwingine. Tafadhali uisome hadi mwisho. Najua kuna pahali utataka kuichana.

Kwanza, aksanti kwa kumutuma Josias kwenye maziko ya papa. Nilimuona. Alisimama nyuma kabisa ya kanisa, karibu na mulango, na hakuna hata mutu mumoja wa familia aliyemupa mukono. Mimi pia sikumupa. Nilijifanya niko na kazi ya kupanga viti, viti ambavyo vilikuwa vimepangwa tangu asubuhi. Niombee musamaha kwake. Sikumuchukia, nilimuogopa, na sababu utaiona huko chini.

Ile barua ya 2019 unaikumbuka kuliko mimi. Ulipotoka kwa masista kabla ya nadhiri, ukaolewa na Josias, mujane, tena wa Kiprotestanti, papa hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Miaka thelathini na mbili ya ukarani ilimufundisha kukasirika kwa kuandika. Alikaa mbele ya mashini yake ya kuandikia, akapiga barua kwa nakala tatu, moja yako, moja ya paroki, moja ya wazee wa familia, kwamba kuanzia tarehe ile hana tena binti anayeitwa Nsimire. Akatia saini, akagonga muhuri. Nilikuwa nimesimama kando yake na sikusema hata neno moja. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tano, mudomo niliokuwa nao ulikuwa wa kula tu.

Ulivyoenda, nyumba ilibaki na watu wawili. Mwaka wa 2021, mwaka wa volkano, sukari ikaanza kumuondoa papa macho. Miaka miwili baadaye alikuwa anaona tu mwanga wa dirisha. Mimi ndiye niliyemuogesha, niliyemukata kucha, niliyemusomea masomo ya misa kila siku ya Mungu. Nilikuwa nimemuposa binti mumoja, Chance, wa familia nzuri ya Butembo. Alingoja miaka miwili, kisha akaolewa Beni. Nani anataka ndoa ambayo ndani yake kuna muzee wa kuogeshwa? Nakuambia haya si kwa kujitetea. Au labda ni kwa kujitetea, Mungu ndiye anajua.

Sasa nikuambie jambo ambalo hukulijua. Mwaka jana, vita ilipoingia muji mwezi wa kwanza, tulilala chini ya kitanda siku tatu, mimi na yeye, na masufuria mawili ya maji. Papa alitoka pale akiwa mutu mwingine. Aliniambia kwamba risasi hazikumutisha, kilichomutisha ni kufa akiiacha ile barua imesimama. Alitaka kuifuta. Yaya, papa yako alitaka kukurudisha. Ulisome hilo mara mbili kama hukuamini mara ya kwanza.

Mimi nikamwambia basi tumupigie simu leo leo. Akakataa kabisa. Alisema barua inafutwa na barua, haifutwi na kelele ya telefone. Nikamwambia aseme, mimi nitaandika. Hapo ndipo alikasirika kweli. Alisema hasira aliiandika kwa vidole vyake mwenyewe, na toba itatoka katika vidole vile vile, la sivyo wazee wa familia watasema Gentil alimutia kipofu maneno kinywani. Unamujua karani wetu! Lakini ile mashini yake ya zamani haikufaa tena. Utepe wa wino hapa Goma umekuwa kitu cha kusimuliwa, na hata kama ungepatikana, utepe ukikauka kipofu anapiga karatasi nyeupe siku nzima bila kujua.

Alikuwa amesikia kwenye radio kwamba siku hizi kuna ordinateur, kompyuta, inayomusomea kipofu kila anachoandika. Akasema mimi si ni fundi wa hivyo vitu, basi nimutengenezee moja inayosema. Alitaka kukuandikia mwenyewe, na ukimujibu akusikie mwenyewe, bila mutu katikati. Aliyasema hayo kwa upole sana, akinishika mukono. Mimi nikauondoa mukono wangu.

Kazi yenyewe nilijua ifanyike vipi. Nilichagua Linux, ile programu inayoendesha ordinateur nzima, kwa sababu haiuzwi, haipati virusi vya clé USB, zile flashi za muji huu, na ule mutambo wa kusoma kwa sauti uko ndani yake, hauhitaji internet. Lakini Linux ni kama mukwe, si kila unachomuletea atakila. Mutu wa haraka ananunua vipande vipya vinavyong'aa, anafika nyumbani, Linux inavitazama tu kama wageni wasiobisha hodi. Fundi anachukua kipande cha miaka sita, saba, ambacho wenzake walishagombana nacho wakakishinda. Na hanunui kwa kusoma karatasi ya boîte, sanduku la kipande. Mimi naenda kwa Donat, muuzaji wa vipande vya occasion, vilivyokwisha kutumika, na Linux yangu iko ndani ya clé mufukoni. Naiwasha palepale juu ya meza yake. Kipande kisipoitika, kinabaki kwa Donat, hata akinilaani.

Hivyo ndivyo nilivyoijenga mashini ya papa. Nilipata kasha zuri kutoka bureau, ofisi moja iliyofunga kazi, na carte mère, ule ubao mukuu wa ndani, isiyokula courant ya umeme nyingi, maana tunaishi kwa panneau moja ya jua na bateri moja. Clavier, ubao wa herufi, ndiyo ilinitoa jasho. Papa alikuwa na vidole vya kazi, alitaka vifungo vigumu vyenye kurudisha mukono, na herufi zipangwe kama alivyozoea. Nilimuletea saba. Aliweka vidole, akapiga mistari miwili hewani, akarudisha. Moja alisema ni biskuti. Ya nane ilikuwa nzito, ya rangi ya majivu, mutu angeweza kuulia nyoka. Aliipiga ikiwa haijaungwa na kitu chochote, tatatata, kama mvula juu ya mabati, akacheka. Nilikuwa sijaona meno ya papa tangu uende.

Lakini mashini ilipofika nyumbani ilikataa kusema. Iliwaka, iliandika, ila sauti hakuna. Nilimuambia papa kwamba ni carte son, kile kipande kinachotoa sauti, Linux haikitambui. Nikasema nimeagiza kingine Kampala. Wiki hii ni mupaka, wiki ile ni barabara, wiki nyingine aliyetumwa amegonjwa. Miezi minne. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliuliza kama kile kipande kimefika. Hakuninung'unikia hata siku moja.

Kumbe hakungoja. Nilikuwa nimeipanga mashini ili ikiwaka tu ifungue ukurasa mweupe wa kuandikia, papa asihangaike. Joyeuse, ambaye alikuwa anakuja kumupikia nikiwa atelier, kwenye kazi yangu ya ufundi, ndiye aliyeyaona yote. Ananiambia mara moja kila wiki, baada ya chakula, papa alivaa shati lenye kola, akakaa, akafinya kifungo, akahesabu hadi mia moja kwa Kifaransa ili mashini iwe tayari, kisha akapiga. Bila sauti, bila macho. Vidole vilijua njia. Akimaliza anafinya kile kifungo hadi aisikie imenyamaza, anajifuta uso, anaomba maji. Siku moja aliniambia amefika ukurasa wa saba. Nilidhani anachezesha vidole. Nikamujibu vizuri, papa, endelea. Sikwenda kuangalia.

Siku ya pili ya wiki, mwezi wa kumi na moja, Joyeuse alimukuta ameinama juu ya clavier, mukono umoja unaning'inia. Tension, presha ya damu, ilikuwa imepanda. Hospitali alikaa siku mbili bila kusema neno, na siku ya ine ya wiki ile ile, saa tisa za muchana, akaenda. Hayo ulishaambiwa.

Hukuambiwa kwamba tulipotoka kumuzika niliikuta mashini bado inawaka, katika fujo hakuna aliyeizima, na bateri imebakia kidogo sana. Juu ya écran, kioo cha mashini, kulikuwa na ukurasa umoja. Kwa ukarani wake aliandika namba juu kabisa, ukurasa wa kumi na moja. Nikatafuta hizo kumi. Nilitafuta siku mbili, kwa kila njia niliyojifunza tangu nianze kazi hii. Hakuna hata mustari.

Nilipoelewa nilikaa chini kwenye simenti. Papa alikuwa mutu wa mashini ya kuandikia, yaya. Kwa ile, ukishapiga umeshapiga, karatasi inashika. Hakuna mutu aliyewahi kumuambia kwamba hii nyingine lazima uiambie itunze. Ukitaka kuizima inakuuliza, je, nitunze? Ingekuwa na sauti ingemuuliza kwa sauti. Ilimuuliza kipofu kwa maandishi, na yeye akashikilia kifungo hadi inyamaze, akafikiri ameacha ukurasa wake pale kama kwenye mutoto wa meza ya bureau. Mara kumi. Maneno yote aliyotaka kukuambia, yale ya kufuta barua ya 2019, aliyaandika, na yamepotea.

Sasa ukae chini, kama umesimama.

Nilikuandikia hapo juu kwamba mashini ilikataa kusema. Haikukataa. Ilisema siku ya kwanza kabisa, kwenye meza ya Donat. Ilisoma jina la papa kwa ile sauti yake ya chuma, Donat akapiga makofi. Carte son ilikuwa nzima. Niliitoa mwenyewe. Kisha nikamuomba Donat anionyeshe lile boîte lake la vipande vilivyoshindikana, nikachagua kimoja ambacho najua hakuna Linux hata moja iliyowahi kukitambua, nikakifunga ndani kwa visi nne, skrubu. Donat alinitazama, akauliza kama niko na akili. Nikamwambia ni ya kujaribia. Nilichagua kwa ustadi wangu wote, yaya. Anayejua kinachoitika anajua pia kisichoitika.

Na sababu ni hii. Mwaka wa 2022 ulituma message kwenye telefone yangu, ukaniomba nimusomee papa. Ulisema umejifungua binti, umemupa jina la mama, Marie-Louise, na kwamba unapiga magoti. Ile siku papa alikuwa ameanguka bafuni, nilikuwa nimemubeba, mugongo unaniuma, na ni wiki ile ile Chance aliponirudishia pete. Nikaisoma message nimesimama katika maji ya bafu. Nikasema moyoni, huyu ana mume, ana mutoto, na mimi nina nini? Papa akauliza ni nani. Nikasema ni client.

Kesho yake hasira ilikuwa imeshapoa, haki ya Mungu. Lakini wewe ulikuwa umeuliza papa amesema nini, na mimi nilikuwa nimeshakujibu kwamba amesikia, hakusema kitu. Nikaona haya kurudi nyuma. Ukatuma nyingine, na nyingine. Ni kumi na tisa. Zote nilikujibu hivyo hivyo, amesikia, hakusema kitu. Na yeye akiniuliza, wakati mwingine katikati ya chakula, kama Nsimire hajaandika, nilisema hapana, papa. Kila mumoja wenu aliamini kwamba mwenziwe amenyamaza. Aliyenyamaza ni mimi.

Basi aliposema anataka mashini ili akusikie bila mutu katikati, nilijua barua yako ya kwanza itasema nini. Ungemuuliza kwa nini hakujibu mara kumi na tisa, swali lile lile nililoliogopa kwa Josias siku ya maziko. Nilifikiri nitapata siku nzuri ya kumuambia mwenyewe kwanza, halafu nitoe kile kipande kibaya, halafu mashini iseme. Siku nzuri! Miezi minne nilikuwa naitafuta siku nzuri. Wazee wanasema mficha ugonjwa, kilio humuumbua, na mimi kilio kilinikuta na tournevis, bisibisi yangu, mukononi.

Kile kipande nimekitoa, nimerudisha kile kizima. Mashini sasa inasema. Jambo la kwanza ililosoma katika nyumba hii ni ule ukurasa wa kumi na moja, na niliusikiliza peke yangu. Nakunakilia hapa bila kuongeza wala kupunguza, ni haki yako, ingawa ulistahili na zile kumi za mwanzo:

"Ukurasa wa 11. Binti yangu, hayo ya juu nimemaliza, na nimeyaandika mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha. Sasa niseme kuhusu mudogo wako. Hii mashini haisemi, kwa hiyo kama kuna makosa ya kupiga unisamehe, sina wa kunisomea nilichoandika. Gentil ameihangaikia sana. Namusikia anavyohema akiifungua na kuifunga, na nikimuuliza sauti yake inakuwa ndogo kama ya mutu aliyeshindwa mutihani. Namuonea huruma, ndiyo sababu sitaki kungoja tena hicho kipande cha Kampala. Ukija usimucheke. Alikaa na mimi wakati ambapo ningekaa peke yangu. Ukiniandikia, andika yote, usiogope, na umutumie yeye. Atanisomea kila neno. Huyu ndiye"

Hapo ndipo pameishia.

Sikuombi musamaha katika barua hii. Nilitaka kuuomba, nimeandika mustari huo nikaufuta mara tatu. Jumapili baada ya misa nimewaita wazee wa familia, nitawaambia yote haya nikiwa nimesimama, na wao ndio watanihukumu. Kama watakuja kukuuliza kitu, sema unachotaka. Nyumba ya Keshero ni yako kama ilivyo yangu, ufunguo uko kwa Joyeuse. Ukitaka kuja kaburini na hutaki kuniona, mutume Perpétue aniambie siku, nitakuwa atelier hadi uondoke. Telefone yangu haitazimwa.

Josias umuambie namupa mukono sasa, ingawa nimechelewa. Mama zetu wote wa huko Bukavu uwasalimie, hata wale wasiotaka salamu zangu. Na Marie-Louise mudogo umukumbatie. Nimehesabu, mwaka huu anatimiza miaka minne. Babu yake aliniuliza mara moja tu, wakati wa vita, tukiwa chini ya kitanda, kama nafikiri umepata mutoto. Nilimwambia sijui.

Mimi mudogo wako,
Gentil